Mtoto Tuliyemlea Aandikwe Wapi? Somo la Daftari la Ukoo



Kikundi kinapoanza kuandika madaftari ya ukoo, kazi huanza vizuri. Babu anatajwa, baba yake babu anatajwa, wake zao wanatajwa, na watoto wanafuata mmoja mmoja. Halafu katibu anafika kwa mtoto fulani na biro inasimama. "Huyu je? Si alikuja tu akiwa mdogo?" Mmoja anasema aandikwe, amekula hapa miaka yote. Mwingine anasema hapana, damu ni damu. Basi nafasi inaachwa wazi, na ikishaachwa wazi ni vigumu mtu kuirudia.

Katika somo hili tutaangalia jambo hilo moja. Jibu letu ni fupi: andika waliomzaa na waliomlea, wote, kila mmoja mahali pake. Msifiche na msichanganye. Sasa tuone ni kwa nini, na ni kwa njia gani.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA KWETU

Kulea mtoto wa mwenzako si jambo geni kando ya ziwa. Mama amefariki wakati wa kujifungua, dada yake anamchukua mtoto. Nyanya amebaki peke yake, anapelekewa mjukuu wa kumchotea maji. Shule iko karibu na kwa mjomba, basi mtoto anahamia kwa mjomba. Kwa zamani kila mtu kijijini alijua nani ni wa nani, hata bila karatasi.

Kisha ukaja UKIMWI. Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na Novemba 1999 serikali ikatangaza ugonjwa huu kuwa janga la taifa. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ziliumia kuliko sehemu nyingi za nchi. Katika boma moja waliweza kuzikwa baba, mama, na baba mdogo ambaye angewachukua watoto. Watoto wakagawanywa: huyu kwa nyanya, huyu kwa shangazi, huyu mjini kwa rafiki wa marehemu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuandika. Watu walikuwa wanazika.

Leo wengi wa watoto wale ni watu wazima, wana watoto wao. Nao nyanya waliowapokea wanatuacha mmoja mmoja. Nyanya akienda, anaenda na habari yote: mtoto alitoka wapi, alikuja mwaka gani, ndugu zake wako wapi. Ndiyo sababu tunasema kazi hii ni ya mwaka huu, isiahirishwe.

Kuna mambo manne ambayo mtoto aliyeachwa nje ya daftari anaweza kupoteza.

Kwanza, shamba. Mwenye boma akifa, jamaa wakienda mahakamani kwa ajili ya urithi wanatakiwa kuleta barua ya chifu inayotaja waliobaki. Chifu naye huuliza jamaa. Kama jamaa hawamtaji aliyelelewa, jina lake halifiki mahakamani. Na sheria haimtupi mtoto huyo hivi hivi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema katika kifungu cha 3 kwamba mtoto wa mwanamume ni pamoja na yule aliyemtambua waziwazi, au aliyemkubali kwa vitendo kuwa mtoto wake, au aliyejitwika kwa hiari jukumu la kudumu juu yake. Kifungu cha 29 nacho kinawataja watoto ambao marehemu aliwachukua katika jamaa yake kama wake mwenyewe, ikiwa alikuwa akiwatunza mpaka alipofariki. Hao wanaweza kuomba mahakama iwafikirie. Lakini lazima kuwe na ushahidi. Maneno ya mdomo baada ya matanga hugeuka haraka sana.

Pili, ndoa. Sisi hatuoi katika ukoo wetu wenyewe, wala kwa jamaa wa karibu wa mama. Mtoto aliyeletwa akiwa wa miaka miwili na kupewa jina la hapa anaweza kukua, akaenda chuo Nairobi, akarudi na mchumba ambaye kumbe ni mtoto wa ndugu wa baba aliyemzaa. Mambo kama haya hugunduliwa wakati wa kupeleka mahari, kwa aibu na machozi.

Tatu, afya. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, uko kwa wingi katika eneo hili letu la ziwa. Unarithiwa. Baba na mama wakiwa wote wamebeba chembe hiyo, ingawa wao hawaumwi, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Daktari akiuliza, "Kuna mtu kwenu anaumwa hivi?", jibu linatoka kwa waliomzaa, si kwa waliomlea.

Nne, moyo. Mtu anayejua alitoka wapi na alipokelewa na nani hutembea na amani. Anayesikia siri hiyo kwa mara ya kwanza kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba hujeruhiwa, na jeraha hilo haliponi kwa upesi.

DESTURI YETU INATUFUNDISHA NINI

Wazee wetu walishika nasaba kwa kichwa. Profesa Bethwell Ogot, mwana wa Gem aliyefariki Januari 2025, alikusanya nasaba za mdomo kama hizo akazitumia kuandika historia ya Waluo wa kusini, katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Basi msidharau yale mzee anayotaja akiwa amekaa chini ya mti. Lakini nasaba ya mdomo hufuata baba kwa mwana. Binti hupotea. Aliyelelewa naye hupotea, ama baada ya vizazi vichache hutajwa kana kwamba alizaliwa hapo. Daftari linaweza kufanya kile ambacho nasaba ya mdomo haikufanya.

Angalieni tero. Mume akifa, mjane akakaa na jater, watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa kuwa wa marehemu. Hatuko hapa kubishana kama tero ni nzuri au mbaya, hilo lina somo lake. Tunalosema ni kwamba kwa mtoto kama huyo kuna mwanamume aliyempa jina na ukoo, na kuna mwanamume mwingine aliyemzaa. Daftari likiandika mmoja tu, limesema nusu ya habari. Wanaosoma Kitabu cha Ruthu, sura ya 4, wataona jambo linalofanana na hili. Obedi alizaliwa na Boazi ili jina la marehemu lisipotee, akalelewa mikononi mwa Naomi, na mwandishi hakumficha hata mmoja wao.

Majina yetu pia yanasema kitu, lakini yasomwe kwa uangalifu. Ochola au Achola ni jina la mtoto aliyezaliwa katika kipindi cha maombolezo ya baba yake. Hapo mna dalili nzuri ya kuuliza zaidi. Lakini Owiti au Awiti, yaani aliyetupwa, ni jina walilopewa watoto waliozaliwa baada ya ndugu zao kufa. "Walitupwa" kwa desturi tu, ili kifo kisiwafuate. Katibu asimwandike Owiti kuwa mtoto wa kuokotwa kwa sababu ya jina. Aulize.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana na wote. Dunia nzima ilimjua Mama Sarah Onyango Obama wa Kogelo, Siaya, kama nyanya yake Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani kutoka 2009 hadi 2017. Mama Sarah alifariki hospitalini Kisumu, Machi 2021. Lakini baba yake Rais hakuzaliwa na Mama Sarah. Alizaliwa na Akumu, mke mwenzake. Akumu alipoondoka katika boma la Hussein Onyango, Sarah ndiye aliyebaki akawalea watoto. Rais alimwita Mama Sarah nyanya, na hakukosea. Hata hivyo, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1995, alisimulia habari za wanawake wote wawili. Mngemwondoa Akumu, damu ingepotea. Mngemwondoa Sarah, mngepoteza mikono iliyowalea. Daftari zuri linawaweka wote.

TUSICHANGANYE AINA ZA MALEZI

Kabla ya kuandika, katibu ajue mtoto yuko katika hali gani. Kuna aina nne tunazokutana nazo sana.

1. Kulelewa na jamaa kwa makubaliano. Hii ndiyo nyingi kuliko zote. Nyanya, shangazi, mjomba. Hakuna karatasi.

2. Mtoto wa kambo. Mama ameolewa akiwa na mtoto, au baba ameleta mtoto wa nje. Mume au mke mpya amemlea.

3. Kulea kwa kukabidhiwa na serikali. Mtoto amewekwa kwa mlezi kupitia idara ya watoto. Mlezi ana kazi ya kumtunza, lakini mtoto hajawa wake kisheria.

4. Kuasili. Mahakama imetoa amri kwamba mtoto huyu sasa ni wa hawa. Kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, aliyeasiliwa ana haki kama mtoto aliyezaliwa na hao waliomwasili. Jina lake huingizwa katika rejista maalum ya watoto walioasiliwa.

Wengi wetu tunasema "nimeasili" tukiwa na maana ya kulea tu. Kukaa na mtoto miaka ishirini ni upendo mkubwa, lakini si amri ya mahakama. Wanaotaka kufuata njia ya sheria wamwone Afisa wa Watoto katika kaunti ndogo yao.

Hapa tuseme jambo moja bila kuzunguka. Kuna nyanya ambao, kwa nia njema, wamejiandikisha kuwa mama katika cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Msifanye hivyo. Kutoa habari za uongo wakati wa kuandikisha uzazi ni kosa kisheria. Tena mtoto akifika umri wa kuomba kitambulisho, karatasi zinapingana: kwa cheti hiki mama ni huyu, kwa kadi ya kliniki ni yule, na ndugu yake wa tumbo moja anaonekana ni mtoto wa dada yake! Mtoto aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu, hata kama umechelewa. Taja wazazi wa kweli, hata kama wamefariki, kisha wewe jitaje kuwa mlezi.

JINSI YA KUANDIKA

Hatua ya kwanza: Kila mtoto apewe ukurasa wake. Msimbane chini ya jina la mwingine kwa maandishi madogo. Huo ukurasa wenyewe ni heshima.

Hatua ya pili: Tumieni alama mbili katika mchoro wa ukoo. Mstari mzima uende kwa waliomzaa. Mstari wa nukta nukta uende kwa waliomlea. Mtoto mmoja aweza kuwa na mistari ya nukta miwili au mitatu, kama alihamahama. Kama kuna amri ya mahakama, wekeni herufi M juu ya mstari wa nukta, na namba ya amri ukurasani. Andikeni maana ya alama hizi kwenye jalada la ndani, ili atakayesoma miaka hamsini ijayo aelewe.

Hatua ya tatu: Jazeni ukurasa. Huu hapa ni mfano wa kubuni tu, si wa mtu wa kweli:

Jina: Achieng'
Alizaliwa: 1994, Asembo
Waliomzaa: baba (jina, ukoo), alifariki 1997, mama (jina, ukoo wa kwao), alifariki 1999
Waliomlea: nyanya mzaa mama, Seme, 1999 hadi 2006, mjomba, Nyalenda, Kisumu, 2006 hadi 2014
Alikujaje: kwa makubaliano ya jamaa, baada ya mazishi ya mama
Ndugu wa tumbo moja: kaka mmoja, alilelewa na shangazi, Homa Bay
Karatasi zilizopo: kadi ya kliniki, ubatizo, cheti cha kifo cha mama
Aliyetueleza: nyanya mwenyewe, na tarehe aliyotueleza

Msisahau ule mstari wa ndugu. Watoto wengi waligawanywa wakiwa wadogo, na daftari la kikundi kimoja likikutana na la kikundi kingine, ndugu wanaweza kupatana.

Hatua ya nne: Kwa mzee asiyekumbuka mwaka, tumieni matukio. Je, mtoto alikuja kabla au baada ya mafuriko ya wakati wa Uhuru, 1961 na 1962? Kabla ya Tom Mboya kuuawa, Julai 1969? Alikuwa anatembea Dakta Ouko alipouawa, Februari 1990? Wakati Jaramogi alipofariki, Januari 1994? Wakati wa mvua za El Niño, 1997 na 1998? Mkipata mwaka kwa njia hii, andikeni "karibu 1990", msiandike kama ni hakika.

Hatua ya tano: Tafuteni karatasi. Kuandikisha uzazi kulifika nchi nzima mwaka 1971 tu, kwa hiyo kwa wazee msitegemee vyeti. Makanisa yalianza kuandika mapema zaidi. Misheni za Maseno na Gendia zote zilianza mwaka 1906. Ulizeni kwa heshima ofisini kama vitabu vya zamani vipo. Rejista ya shule ya msingi pia husaidia, maana huonyesha jina la mzazi au mlezi.

Hatua ya sita: Mlezi aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu wawili, na wote watie sahihi au kidole gumba. "Nilimpokea mtoto huyu mwaka fulani, nimemlea kama wangu." Daftari si hati ya shamba, tusidanganyane. Lakini maneno hayo, yakiwa na tarehe na mashahidi, yaliyoandikwa mlezi akiwa hai, yana uzito kuliko ubishi wa baada ya mazishi. Na kama mlezi anataka mtoto apate sehemu ya shamba, aandike wosia. Asiliachie daftari.

Na kama wazazi hawajulikani kabisa? Tuseme mtoto aliokotwa sokoni au ufukweni. Kwanza polisi na Afisa wa Watoto wajulishwe, kama bado. Kisha andikeni "wazazi hawajulikani", mahali alipopatikana, tarehe, aliyempata, na namba ya OB ya kituo cha polisi. Msibuni jina la baba ili ukurasa upendeze. Nafasi tupu iliyo ya kweli ni bora, kwa sababu siku moja inaweza kujazwa.

WENYE HABARI WAKIWA BADO HAI

Ng'ambo ya ziwa, Uganda, akina mama wa chama cha NACWOLA, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walitufundisha kitu. Katika miaka ya 1990 walianza kuandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, baba yako alikuwa mtu wa namna gani, ulipenda chakula gani, jamaa zetu ni nani. Waliandika kwa mkono, wakabandika picha. Leo kuna dawa na wengi wanaishi miaka mingi, na huo ni msaada mkubwa. Lakini njia ile inafaa kila mzazi na kila mlezi, mgonjwa au mzima. Nyanya ambaye hajui kuandika, mjukuu aandike yeye akisema.

TAHADHARI

Daftari ni mali ya jamaa, si ya kikundi. Kikundi kinafundisha na kusaidia tu. Msisome kurasa za watu mkutanoni.

Msiandike ugonjwa uliomuua mzazi, isipokuwa mwenyewe au jamaa wanataka iwe hivyo kwa sababu ya afya ya watoto.

Mtoto asiambiwe na daftari. Kama bado hajui, walezi wamweleze kwanza, kwa upole na kwa kadiri ya umri wake. Kama ni mtu mzima, aulizwe anataka nini kiandikwe.

Maneno ya kuumiza yasiingie. Tunajua neno kimirwa linavyochoma, na "mtoto wa kuokota" ni hivyo hivyo. Andikeni tu "alizaliwa na", "alilelewa na". Inatosha.

Msichague kati ya mvulana na msichana. Tumeona jamaa wanamwandika mvulana waliyemlea na kumwacha msichana ati ataolewa. Sheria ya Urithi haiwatenganishi, nasi tusiwatenganishe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jamaa yako, kuna mtu ambaye hutajwa kwa kunong'ona? Ni kwa sababu gani? (Jibu moyoni kwanza. Si lazima useme mbele ya watu.)

2. Ni mlezi gani mzee kijijini mwetu ambaye tukichelewa tutapoteza habari zake? Nani atamtembelea wiki hii?

3. Mtoto wa tero aandikwe kwa mistari gani? Chorea ubaoni.

4. Kuna watoto hapa ambao cheti cha kuzaliwa kinamtaja nyanya kama mama? Tunaweza kuwasaidiaje kuuliza katika ofisi ya usajili?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila mwanakikundi anunue daftari moja la kurasa 96. Aanze na ukurasa mmoja tu: wa mtoto aliyelelewa nyumbani kwake, au wake mwenyewe kama yeye ndiye aliyelelewa. Ajaze anachojua, aache wazi asichojua, na aandike pembeni jina la mtu wa kumwuliza. Mkutano ujao hatutaulizana mmeandika nini. Tutaulizana tu: Umemwuliza?